Msiba wa Pili Hauna Matanga

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo zito. Tumelichelewesha kwa muda, maana hatukujua tuanzie wapi. Jambo lenyewe ni hili. Mtoto wako ameuawa. Mtu ameshtakiwa, kesi imesikilizwa, halafu mahakama inasema mshtakiwa hana hatia, aende zake. Wewe mzazi wa marehemu unabaki pale kwenye benchi. Ufanye nini? Ukifika nyumbani uwaambie nini watu?

Tuchukue mfano. Mama mmoja anatoka kijiji cha upande wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hatumpi jina, kwa sababu akina mama wa namna hii ni wengi, na akina baba pia. Mwanawe wa kiume aliuawa usiku akirudi nyumbani. Leo ni siku ya hukumu. Mama amefika Mpanda jana, amelala kwa mdogo wake Makanyagio. Kusema kweli hakulala, aligeukageuka tu mpaka jogoo akawika.

Mahakamani jaji anasoma. Anasoma muda mrefu. Mwanawe anatajwa mara nyingi, lakini hatajwi kwa jina. Anaitwa "marehemu". Mwishoni jaji anasema Jamhuri imeshindwa kuthibitisha shtaka, kwa hiyo mshtakiwa anaachiwa huru. Upande wa pili wanapiga vigelegele. Mama hainuki. Karani mmoja anamwambia kwa upole, "Mama, tumemaliza." Akitoka nje anamkuta yule mtu amesimama chini ya mti, anashikwa mikono na ndugu zake.

Usiku ule mdogo wake anamwuliza: "Sasa dada, ina maana nani alimwua?"

Swali hilo mahakama haikulijibu. Na hapo ndipo uchungu ulipo. Mzazi alikwenda akidhani anakwenda kuambiwa nani alimwua mwanawe. Kumbe mahakama iliulizwa swali jingine, dogo zaidi: je, huyu mtu aliyesimama hapa, ushahidi huu tulioletewa unatosha kumtia hatiani? Jibu likawa hautoshi.

"Hana hatia" maana yake nini?

Wengi wakisikia maneno hayo wanafikiri jaji amesema mambo mengi. Wanafikiri amesema mashahidi ni waongo. Wengine wanafikiri amesema marehemu alijitakia. Mara nyingi jaji hakusema hivyo hata kidogo. Alichosema ni kwamba amebaki na shaka.

Tufananishe na ng'ombe aliyepotea. Asubuhi unaona nyayo zake zinaelekea kwa mtu fulani. Unazifuata. Zinaingia mtoni, na ng'ambo huzioni tena. Moyoni mwako unajua ng'ombe amekwenda wapi. Lakini ukisimama mbele ya wazee wakikuambia "Tuonyeshe," huna cha kuwaonyesha. Unaamini, ila huwezi kuthibitisha.

Katika kesi ya jinai sheria yetu inataka Jamhuri ithibitishe shtaka bila kuacha shaka yoyote ya maana. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hakufanya. Akibakiza shaka kwa jaji, shaka hiyo inamsaidia yeye. Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu adhabu ya mauaji ya kukusudia katika Kanuni ya Adhabu ni kunyongwa mpaka kufa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa hapa Tanzania, lakini hukumu yenyewe imeendelea kutolewa, na mtu hukaa gerezani akiisubiri. Sheria inaogopa kumnyonga asiyefanya. Mzazi aliyefiwa hawezi kulipenda jambo hili, na hatumlaumu. Lakini kesho mtoto wake mwingine anaweza kusingiziwa, na hapo ataishukuru sheria hiyo hiyo.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kwamba kesi ya mauaji si ya mzazi. Ni ya Jamhuri. Mzazi anaitwa kama shahidi tu, au haitwi kabisa. Wakili anayesimama upande wa mashtaka ni wa Serikali, hakuajiriwa na mzazi. Ndiyo maana mambo mengi yanafanyika bila mzazi kuambiwa. Tunaona hili ni kosa katika utaratibu wetu, maana kumweleza mama wa marehemu kinachoendelea hakugharimu kitu.

Kesi hufia wapi?

Mara nyingi kesi haifii mbele ya jaji. Inafia kijijini, siku ile ile ya tukio, kabla polisi hawajafika.

Angalia kumtambua mtu usiku. Shahidi anasema, "Nilimwona, nilimtambua." Jaji atauliza: kulikuwa na mwanga gani? Kibatari, mbalamwezi, tochi, taa ya sola? Mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, na umekaa wapi? Mlikuwa mbali hatua ngapi? Ulimwangalia kwa muda gani? Ulimfahamu kabla ya siku hiyo? Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imefundisha kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu, na hautegemewi mpaka uwezekano wa kukosea umeondolewa. Basi shahidi mkweli kabisa anaweza kushindwa kwa sababu tu hakueleza juu ya mwanga. Tena, kama alimtambua mtu usiku ule, kwa nini hakumtaja asubuhi yake kwa mwenyekiti wa kitongoji? Akimtaja baada ya wiki mbili, jaji anatia shaka.

Halafu kuna kukiri kosa. Tunamkamata mtu, tunampiga mpaka anasema "Ni mimi." Tunafurahi, tunadhani tumemaliza. Kumbe tumeiua kesi. Maneno yaliyotolewa kwa kipigo hayapokelewi mahakamani. Hata polisi wamewekewa masharti: wana saa 4 za kumhoji mtu tangu alipokamatwa, isipokuwa wakiongezewa muda kwa mujibu wa sheria, na muda wa safari ya kumleta kituoni hauhesabiwi. Maelezo yakichukuliwa nje ya muda huo wakili wa utetezi atayapinga.

Na mashahidi wenyewe je? Tukio limetokea mwaka huu, kesi inasikilizwa baada ya miaka. Mmoja amehamia machimboni, mwingine amekwenda kulima tumbaku mbali, mwingine ameogopa. Kesi za mauaji za huku kwetu zimekuwa zikisikilizwa na Mahakama Kuu ya Sumbawanga, ambayo imekuwa ikija kufanya vikao Mpanda. Kwanza mshtakiwa hufikishwa mahakama ya chini. Pale hatakiwi kujibu lolote kwa sababu mahakama hiyo haina uwezo wa kusikiliza mauaji. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena. Mzazi anapanda gari, anafika, anaambiwa arudi tarehe nyingine. Nauli inakwisha, na kuku pia wanakwisha.

Kesi ya wafanyabiashara wa Mahenge

Haya hayatokei kwa wanyonge wa vijijini peke yao. Yalitokea katika kesi iliyofuatiliwa na nchi nzima.

Mwezi Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Mkoa wa Morogoro, walikuwa Dar es Salaam. Wawili kati yao walikuwa ndugu. Sisi wa Mpanda tunawaelewa watu wa namna hiyo. Vijana wetu wengi wako kwenye dhahabu, nao hubeba mali na fedha kwenda kuuza mbali. Watu hao watatu pamoja na dereva wa teksi waliyokuwa wamepanda walikamatwa na polisi, kisha wakauawa kwa risasi. Polisi walisema ni majambazi waliouawa katika mapambano. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Tume ikaona hawakuwa majambazi.

Aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, Abdallah Zombe, alishtakiwa pamoja na polisi wengine. Tarehe 17 Agosti 2009 Mahakama Kuu ilitoa hukumu. Washtakiwa wote waliokuwa wamebaki waliachiwa huru. Fikiri wewe ni mzazi kule Mahenge, unasikiliza taarifa ya habari redioni. Watu wanne wamekufa, inajulikana hawakuwa majambazi, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani.

Mkurugenzi wa Mashtaka alikata rufaa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo kwa sababu ya kasoro katika karatasi ya kusudio la rufaa. Ndiyo, karatasi! Upande wa mashtaka ukaanza upya. Tarehe 16 Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja wa polisi, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa. Zombe na wenzake wengine waliokuwa kwenye rufaa iliwaachia huru.

Hesabu mwenyewe. Kutoka Januari 2006 mpaka Septemba 2016 ni miaka 10 na miezi 8. Kwa muda huo mtoto wa marehemu aliyekuwa mgongoni ameshafika darasa la nne au la tano. Tunaieleza kesi hii ili uone mambo mawili. Hukumu ya kwanza huenda isiwe ya mwisho. Na hata hukumu ya mwisho inaweza kumpa mzazi nusu tu ya alichokitaka, au robo.

Wakati mwingine mshtakiwa hupatikana na hatia, lakini kwa kosa dogo kuliko lile la mwanzo. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi. Askari polisi alishtakiwa kwa mauaji ya kukusudia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu kule Iringa ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15. Ndugu wa marehemu anaweza kuuliza: maisha ya mtu ni miaka 15? Mahakama haikuwa inapima thamani ya marehemu. Ilikuwa inapima nia ya aliyeua. Lakini twende taratibu, kwa sababu maneno haya mtu akiambiwa siku ile ile ya hukumu hayamwingii.

Uliza kabla hujaondoka mjini

Hapa tunatoa ushauri, na tunaomba usome kwa makini.

Kwanza uliza mshtakiwa ameachiwa kwa namna gani. Kuna kuachiwa na kuna kuachiwa huru. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiambia mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Mtu anaachiwa, lakini hilo peke yake halimzuii kukamatwa na kushtakiwa tena kwa kosa hilo hilo ushahidi ukipatikana. Kama jaji amesikiliza ushahidi na kusema hana hatia, hilo ni jambo jingine. Huyo hashtakiwi tena kwa kosa hilo, mpaka hukumu hiyo itenguliwe kwa rufaa. Wazazi wengi hurudi nyumbani bila kujua ni ipi kati ya hizo. Mmoja anakata tamaa bure, mwingine anangoja bure.

Pili, kama hukumu ni ya Mahakama Kuu, nenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa. Nenda siku hiyo hiyo au kesho yake. Mzazi hana uwezo wa kukata rufaa mwenyewe. Mwenye uwezo huo ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kwenda Mahakama ya Rufani. Lakini kusudio la rufaa linatakiwa litolewe ndani ya siku 30 tangu hukumu. Siku 30 si nyingi, hasa kwa mtu aliyejifungia ndani analia. Mwombe ndugu mwenye kichwa kilichotulia akusindikize. Sema: "Mimi ni mzazi wa marehemu katika kesi namba fulani. Naomba kujua kama mnakata rufaa, na kama hamkati, kwa nini." Ukishindwa kusema, iandike. Umejifunza kuandika, basi hapa ndipo mahali pake. Weka namba ya kesi, tarehe ya hukumu na jina la marehemu, kisha utie sahihi. Baki na nakala.

Tatu, omba nakala ya hukumu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Hata hivyo hukumu nyingi za mahakama za juu bado huandikwa kwa Kiingereza. Ikiwa hivyo, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hawa, nao hutoa msaada bila malipo kwa asiye na uwezo. Akusomee pole pole, akueleze ni wapi ushahidi uliposhindwa. Mwulize pia juu ya kesi ya madai. Katika madai hadaiwi mtu kifungo, anadaiwa fidia, na kiwango cha ushahidi ni cha chini kuliko katika jinai. Lakini nako muda wa kufungua una mwisho, kwa hiyo usikawie.

Utauliza, kusoma hukumu kunasaidia nini kama imeshatolewa? Tunaona kunasaidia. Mzazi asiyejua sababu hubuni sababu. Husema jaji amekula rushwa, au shahidi fulani alinisaliti, au ningesema neno moja zaidi pale kizimbani mwanangu angepata haki. Rushwa ipo, hatukatai, na ukiwa na ushahidi wake ipeleke TAKUKURU. Lakini mara nyingi hukumu ikisomwa unakuta sababu ni tochi, au shahidi wa tatu ambaye hakuonekana. Inauma vile vile, ila hujilaumu tena, wala humchukii jirani aliyesema ukweli wake wote.

Tukirudi nyumbani

Sasa turudi kwa yule mama wa Karema. Gari limemshusha barabarani, amefika nyumbani jioni.

Mwanawe alipokufa, kijiji kizima kilikuja. Wanawake walilala kwake. Watu walileta unga, kuni, maharage. Wanaume walichimba kaburi. Matanga yalipokwisha, shangazi mmoja alibaki naye wiki nzima. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na tunajua kuifanya kazi hiyo.

Lakini jioni hii hakuna mtu. Hukumu imemfanya afiwe mara ya pili, na msiba huu wa pili hauna matanga. Hakuna desturi yake. Majirani hawajui waseme nini. Wengine wanakwepa, wengine wanapita njia ya pembeni. Mwingine anakuja kwa udaku, eti asikie ilikuwaje. Kuna na wa kusema "Yaliyopita yamepita, mama, mshukuru Mungu." Anasema kwa nia njema, lakini linachoma.

Ombi letu kwa majirani ni hili: mfanyieni kama mlivyomfanyia siku ile. Pelekeni kuni. Pikeni kwake. Mmoja alale naye siku tatu nne. Hamna haja ya kumweleza sheria. Akitaka kumzungumza mwanawe, mwacheni amzungumze, na mtajeni kwa jina lake. Amechoka kusikia "marehemu".

Baba je? Kwa kawaida baba hanyweshwi uji na mtu. Anakaa nje, halafu anaanza kutokea kilabuni mapema kuliko zamani. Tumeona nyumba nyingi za wafiwa zikivunjika hapa. Mama analia usiku, baba anakasirika kusikia kilio. Mama anasema, "Wewe hukumpenda." Baba anasema, "Wewe ndiye uliyemruhusu atoke usiku ule." Maneno hayo yakishatoka hayarudi. Wanaume wa rika lake wasimwachie pombe peke yake. Wakamtafute, wakalime naye, wakae naye hata bila kusema kitu.

Tena wapo watoto waliobaki. Wao wanaona mama na baba wana mtoto mmoja tu siku hizi, yule aliyekufa.

Upo wakati ambapo mganga wa ramli hujitokeza. Anajua nyumba ipi imeumia. Anasema, "Mahakama imeshindwa, mimi nitakuonyesha aliyemwua." Tahadhari sana, ndugu msomaji. Mganga hana ushahidi ambao jaji aliukosa. Ana kioo, na ana haja ya fedha zako. Atamtaja bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, na kijiji kitapata maiti ya pili. Sheria ya Uchawi inayokataza mambo haya ipo tangu mwaka 1928. Mwezi Januari 2015, baada ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, Serikali ilitangaza tena kupiga marufuku wapiga ramli. Kuhusu kisasi hatuna maneno mengi. Vijana wa ukoo wakimwendea yule aliyeachiwa, wao ndio watakaosimama kizimbani, na safari hii ushahidi utapatikana.

Na yule mtu atarudi. Hilo hatuwezi kulifunika. Atachota maji kisima kile kile, ataonekana mnadani. Mama asilazimishwe kumpa mkono, wala asilazimishwe kusema amesamehe. Viongozi wa dini wanaweza kumsaidia akitaka mwenyewe, kwa wakati wake. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kufanya jambo la manufaa zaidi: kuwaita wazee wa pande zote mbili, wakakubaliana kwamba ndugu wa yule mtu hawatapiga ngoma wala kumkejeli mama njiani. Vigelegele vya mahakamani vinatosha.

Baba aliyekataa kunyamaza

Yuko mzazi mmoja ambaye habari zake zinajulikana Afrika Mashariki yote. Aliitwa John Ward, Mwingereza mwenye biashara ya hoteli. Binti yake Julie, mwenye umri wa miaka 28, alikuwa akipiga picha za wanyama katika mbuga ya Maasai Mara, Kenya. Alipotea mwezi Septemba 1988. Baba alisafiri akaja kumtafuta. Mabaki ya binti yake yalipatikana porini, yamechomwa moto. Wakubwa wa huko wakamwambia labda aliliwa na wanyama. Lakini mnyama gani anayewasha moto?

Aling'ang'ania mpaka mwaka 1989 uchunguzi wa mahakama ukakubali kwamba Julie aliuawa. Askari wawili wa wanyamapori walishtakiwa, na mwaka 1992 wakaachiwa huru. Baadaye aliyekuwa mkuu wao katika mbuga alishtakiwa, na mwaka 1999 naye akaachiwa huru. Hukumu mbili, na mara zote mbili baba yule alirudi mikono mitupu. Aliendelea. Alikuja Kenya zaidi ya mara 100, akatumia karibu pauni milioni 2 za Uingereza. Mwaka 2023 alifariki. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo cha Julie.

Tumejadiliana sana hapa ofisini kuhusu mzee huyu. Mmoja wetu anasema alipoteza miaka 35. Mwingine anasema bila yeye dunia ingeamini mpaka leo kwamba simba ndiye aliyefanya. Hatukukubaliana. Tulichokubaliana ni kwamba yeye alikuwa na pauni, na sisi tuna shamba la mahindi. Mzazi wa Mpanda akiuza ng'ombe wote kufuata kesi, watoto waliobaki watakula nini? Kwa hiyo panga. Amua utafuatilia mpaka wapi: labda mpaka jibu la rufaa, labda mpaka hukumu itakaposomwa kwako neno kwa neno. Mwambie mwenzako na ndugu zako. Ukifika hapo uliposema, upumzike kwanza. Hakuna atakayekuita mwoga.

Angalia na mwili wako. Wiki za kwanza mtu kukosa usingizi na hamu ya kula ni kawaida. Lakini kama miezi inapita huwezi kulala, huwezi kwenda shamba, au unajisikia heri ufe umfuate mtoto, usinyamaze. Mwambie mtu leo, na mwende pamoja zahanati. Waeleze wazi kwamba ni mawazo ya namna hiyo. Wakiona inafaa watakupeleka hospitali Mpanda. Huo si wazimu, wala si aibu. Ni ugonjwa kama mwingine, na una tiba.

Karatasi za kesi zihifadhi mahali pakavu, mbali na panya: hati za kuitwa shahidi, cheti cha kifo, nakala ya hukumu. Wajukuu wataziulizia. Pamoja nazo weka daftari jingine, la mtoto mwenyewe. Andika humo alizaliwa lini na wapi, alipenda kula nini, alifuga njiwa wangapi, alikuwa akimwitaje bibi yake. Katika karatasi za mahakama hayo hayamo.

Kama wewe msomaji umepita njia hii, tuandikie. Tueleze nani alikusaidia na kwa namna gani. Jina la aliyeshtakiwa usilitaje, maana mahakama imemwachia na hatutalichapa. Jina la mtoto wako, ukipenda, liandike.